Mti laini ndio umfaao mchongaji mchanga

Miezi michache iliyopita mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili aliniletea tafsiri ya sura moja ya kitabu cha uchongaji kilichoandikwa na Mmarekani. Kazi yenyewe ilikuwa nadhifu, ila ukurasa wa kwanza ulinikwamisha. Palikuwapo na "mti wa besi". Kurasa tatu mbele, mti uo huo ulipotajwa kwa jina wanalolitumia Waingereza, kijana aliandika "mbao za mdimu". Nilicheka, kisha nikaona haya, kwani hata mimi, daktari wa isimu, singaliweza kumpa jina la Kiswahili papo hapo.

Mti unaozungumziwa ni ule uitwao 'basswood', nao hauna uhusiano wowote na sauti ya besi. Jina hilo latokana na neno la kale 'bast', yaani nyuzi za gome la ndani. Waojibwe wa Marekani ya Kaskazini walizisokota nyuzi hizo wakapata kamba, kama vile wazee wetu wa Ukambani walivyotumia nyuzi za mbuyu kusukia vyondo. Nao 'lime' wa Waingereza si jamaa ya ndimu hata kidogo. Ni neno lililogeuka kutoka 'lind'. Mti wa Ulaya na ule wa Marekani ni ndugu wa jenasi moja, Tilia. Kwa kuwa haimei kwetu, Kiswahili hakikuwa na haja ya kuipa jina. Leo nitauita mtilia, na mwenye jina bora zaidi na alilete.

Hata hivyo, sikushika kalamu kwa ajili ya tafsiri. Kilichonishughulisha katika sura ile ni shauri apewalo mtu anayeshika kisu cha kuchongea kwa mara ya kwanza: aanze na mtilia, wala asiguse mti mgumu mpaka mkono wake uzoee. Meta moja ya ujazo ya mtilia mkavu ina uzito wa kilo 400 na ushei, ilhali mpingo hupita kilo 1,200, ndiyo maana ukiutupa majini huzama. Nyuzi za mtilia ni nyembamba tena zimelingana, hivi kwamba kisu hakikutani na ugumu hapa na ulaini pale. Ukichonga kope za jicho au mishipa ya jani, mti huo hushika kila mstari. Kasoro zake zipo: hauna urembo wake wenyewe, hunywa rangi kwa mabaka, na ukiachwa nje mvuani huoza upesi.

Asidhani mtu kwamba ulaini huo ni wa michezo ya watoto. Mjerumani Tilman Riemenschneider aliuchonga mtilia wa kwao katika madhabahu maarufu ya Rothenburg kati ya mwaka 1501 na 1505. Grinling Gibbons naye, aliyefariki mwaka 1721, alichonga kwa mti huo maua na matunda katika kanisa kuu la St Paul's mjini London, membamba kana kwamba yangepeperushwa na upepo.

Sasa nilinganishe na nilivyofundishwa mimi. Mapema katika miaka ya 1990, nikiwa darasa la sita katika mfumo wa 8-4-4, tulikuwa na somo la Sanaa na Ufundi. Mwalimu alituagiza kila mmoja achonge mwiko, tena wa mti mgumu, kwani mti laini, alisema, ni wa wavivu. Nilipata tawi la mgunga, kavu kama mfupa. Siku ya pili kisu kiliteleza kikanipasua kidole cha shahada. Kovu ninalo hadi leo. Siku ya tatu mama alikwenda sokoni akanunua mwiko. Niliusugua kwa msasa ili uonekane kazi ya mtoto, nikapewa alama 18 kwa 20. Wenzangu watatu waliochonga kwa mikono yao walipata chini ya kumi kwa sababu miiko yao ilipinda. Nilichojifunza siku hiyo ni kununua.

Desturi hii haijafa. Chini ya mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2017, mtoto hutakiwa kutenda, si kukariri tu, na hilo ni jema. Lakini ni wazazi wangapi wanaozunguka masokoni jioni kutafuta kinyago cha kupeleka shuleni asubuhi? Mtoto akipewa gogo gumu, kisu butu na siku mbili, mzazi atafanyaje?

Nadhani kosa letu ni kuutazama uchongaji kwa macho ya mnunuzi. Tangu Mutisya Munge aliporejea Wamunyu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia na ufundi aliojifunza Tanganyika, vinyago vya Wakamba vimeenda mbali. Mtalii akawa anauliza mpingo, naye mfanyabiashara mjanja akapaka mti mweupe rangi ya viatu ili auridhishe moyo wa mgeni. Ugumu na weusi vikawa ndiyo sifa. Kumbe wachongaji wenyewe wamekwisha kusonga mbele. Mpingo na muhugu ni miti ikuayo polepole mno, nayo ilipoadimika, wengi waliugeukia mjakaranda, mwarobaini na mwembe. Ajabu ni kwamba mwalimu bado anadai mti ambao fundi ameuacha.

Mjakaranda, mgeni kutoka Amerika Kusini ambaye hupamba barabara za Nairobi kwa maua ya zambarau kila ufikapo Oktoba, hauwezi kuwa mtilia. Usipokaushwa vyema huota ukungu. Lakini kisu cha mtoto huingia. Huchongwa ungali mbichi, kisha umbo hufungwa kwa gunia na kuwekwa kivulini ili maji yatoke taratibu. Ukiuanika juani, nyufa zitakuja siku hiyo hiyo. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, na bila shaka walikuwa wamewaona wachongaji.

Kuna watakaosema kwamba mti laini humzoeza mtoto uzembe. Aliyewahi kuchonga hawezi kusema hivyo. Kisu butu juu ya mti mgumu hukataa tu kukata. Juu ya mti laini huponda nyuzi na kuuacha uso una manyoya, na kila mtu darasani anaona. Mwanafunzi hulazimika kurudi kwenye kinoo. Kwa hiyo mwalimu mwenye vinoo viwili na shina la mjakaranda lililoangushwa na upepo ana karakana tayari.

Na Kiswahili je? Wanafunzi wangu wanaweza kukuchambulia mofimu za kitenzi 'chongesheana' bila kusita, lakini niliwauliza jiliwa ni nini, wakatazamana. Ni chombo cha kubania ubao usicheze. Tezo waliijua wachache, bobari hakuna. Hata msasa waliudhani ni karatasi ya dukani tangu asili, ilhali ni mti ambao majani yake yana mikwaruzo, na mafundi waliyatumia kulainishia mbao kabla karatasi hiyo haijafika. Karatasi ilirithi jina. Maneno haya yamo kamusini, lakini darasani hayasikiki. Mwalimu wa Kiswahili na aingie katika karakana pamoja na mwalimu wa sanaa, na fundi wa mtaani aalikwe, alipwe nauli na chai, watoto waandike anavyoviita vitu vyake.

Mwezi uliopita binti yangu aliagizwa kinyago. Sikwenda sokoni. Tulipata kipande cha mjakaranda kwa seremala jirani, tukanoa kisu, akachonga samaki kwa jioni nne. Pezi la mgongoni lilivunjika kwa sababu nilimwelekeza akate kinyume cha nyuzi, kosa langu mimi, si lake. Alipata alama 11 kwa 20. Samaki yuko juu ya meza yangu ninapoandika haya, na mwenyewe ameniuliza mara mbili lini tutarudi kwa seremala.