Gants zilezile, vinywa vitatu

Wandugu vijana wa Kasongo na Kabambare,

Tulisindikiza mama wa mwenzetu mmoja kungoa jino. Kwenye benchi walikuwa wagonjwa watatu. Tuliona gants zilezile zikitoka kinywani mwa wa kwanza, zikachovywa kwenye beseni ya maji ya javel, kisha zikaingia kwa wa pili, halafu kwa wa tatu. Tulipouliza, munganga hakukasirika. Alitujibu: "Karto ya gants ilikwisha juzi. Nirudishe watu na maumivu yao?"

Hatutaji mahali, juu hatutafuti mtu wa kusulubisha. Yule munganga naye yuko hatarini kama sisi.

Jino likingoka, damu inachanganyika na mate. Virusi ya hepatiti B inaweza kukaa siku 7 kwenye chombo ao kwenye meza, hata damu ikisha kukauka. Munganga asiyechanjwa akijichoma na sindano ya mgonjwa mwenye virusi hiyo, hatari ya kuambukizwa inaweza kufika asilimia 30. Kwa VIH ni kama asilimia 0,3. Chanjo ya hepatiti B iko, ni dozi 3. Nani amewachanja wanganga wetu wa meno?

Tena, pensi ya kungoa meno haitoshi kuchemshwa ndani ya sufuria. Kuchemsha hakuui vijidudu vyote. Inatakiwa kusuguliwa kwa burashi, kisha kuingia ndani ya otoklave: digri 121, dakika 20, ao dakika 30 ikiwa imefungwa. Ziko otoklave ndogo zinazowekwa juu ya moto. Kwa hiyo tusiambiwe eti tungoje umeme kwanza.

Inchi yetu ilisha kulipa somo hili kwa damu. Kikwit, 1995: kwa wagonjwa 315 wa Ebola, karibu 80 walikuwa wafanyakazi wa afya. Gants, maski na blouse zilipofika, maambukizi kati yao yalipungua sana. Na Kasongo si kijiji kisichojua afya. Miaka ya 1970 na 1980, kupitia Projet Kasongo, vituo vyetu vilionyesha dunia namna ya kupanga matunzo ya msingi. Leo tunakosa karto ya gants?

Watatuambia: makuta hakuna. Lakini dhahabu ya Namoya iko Kabambare. Code minier iliyorekebishwa 2018 inasema asilimia 25 ya redevance ya madini ni ya provensi, asilimia 15 ni ya sekta ao sheferi ya mahali madini inapotoka. Tunauliza bila kelele: makuta hayo yakiingia, yananunua nini? Article 47 ya Katiba inahakikisha haki ya afya. Haki hiyo haiwezi kuishia mlangoni mwa chumba cha meno.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kila zone ya afya itangaze kila mwezi gants, maski na miwani ngapi zimefika kwa huduma ya meno.
2. Wanganga wa meno na wasaidizi wao wote wachanjwe bure.
3. Kila lopitali inayongoa meno iwe na otoklave inayofanya kazi.
4. Mgonjwa asitumwe sokoni kununua gants.

Na wewe ndugu, kabla ya kufungua kinywa, uliza kwa heshima: gants ni mpya? Sindano ni mpya? Pensi imetoka wapi? Kuuliza si matusi.

Sisi wenye diplome bila kazi tuko na muda. Tutapita kituo kwa kituo, tutahesabu karto, tutaandika hapa tulichokuta. Wanaotaka kuhesabu pamoja nasi, karibuni.