Risasi Iliyojificha Kwenye Jiko la Gesi

Ukibofya jiko la gesi, ukasikia "ta!" na cheche ikaruka, mara nyingi hakuna betri iliyofanya kazi hiyo. Kinyundo kimegonga kipande cha kauri, na kauri ya aina hii ikigongwa hutoa umeme. Ndugu wawili, Pierre na Jacques Curie, waligundua tabia hiyo kwenye fuwele mwaka 1880. Ukiipa kauri hiyo umeme, hutetemeka. Ndiyo maana imo pia kwenye ultrasaundi anayopimwa mama mjamzito.

Tatizo ni kwamba kauri iliyozoeleka tangu miaka ya 1950, PZT, zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi. Jikoni haimdhuru mtu. Hofu ni jiko likishakufa, likatupwa shimoni na kuchomwa pamoja na takataka. Na majiko yanakuja kwa wingi: serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034.

Je, tuipige marufuku? Umoja wa Ulaya ulizuia risasi kwenye vifaa vya umeme mwaka 2006, lakini kauri hizi ukazisamehe kwa kukosa mbadala wa kutosha. Mbadala umekuwa ukitafutwa. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walichanganya potasiamu, sodiamu na niobiamu, wakazilaza chembe za kauri zielekee upande mmoja, wakaifikia nguvu ya baadhi ya kauri za risasi. Ugumu uko tanuruni, maana potasiamu na sodiamu hugeuka mvuke na kuharibu vipimo. Kauri ya bariamu ya mwaka 2009 ina nguvu zaidi, ila hupoteza tabia ya kutoa umeme kwenye nyuzi joto 93. Karibu na moto wa jiko, 93 si mbali! Ile ya Japani huvumilia hadi 253.

Kwa maoni yangu, ultrasaundi tusiiguse kwa sasa. Picha hafifu ya mtoto tumboni ni hatari kuliko risasi iliyofungiwa ndani ya kifaa. Jiko ndilo la kuanzia, kwani cheche haidai usahihi huo. Shirika la Viwango, TBS, liwape waagizaji muda, kisha lifunge mlango.

Nasi malighafi tunayo: Kilima cha Panda, Mbeya, kina niobiamu, ile ile ya kauri ya Japani, madini ambayo duniani huishia zaidi kwenye chuma. Siku yakianza kuuzwa, wahandisi wetu wa vyuo vikuu wabakiziwe japo magunia machache ya kujaribia kauri hiyo.