Choo Cheupe Hakingoji Arobaini



Mtoto mchanga akiwa na macho ya manjano, wazee wetu husema atolewe jua la asubuhi. Aghalabu umanjano huo huondoka wenyewe. Lakini ukipindukia wiki mbili, na choo kikawa cheupe kama chokaa, na mkojo ukatia doa nepi, hapo jua halitibu kitu.

Huenda mirija itoayo nyongo katika ini kuipeleka utumboni imeziba. Nyongo ikikosa njia hubaki ndani, na ini huharibika kidogo kidogo mpaka likawa kovu tupu. Mtoto huweza kunyonya vizuri na kunenepa huku akiharibikiwa ndani, ndiyo maana tunaghafilika.

Katika miaka ya 1950, Daktari Morio Kasai wa mji wa Sendai, Japani, alibuni upasuaji wa kuiondoa mirija hiyo na kuliunga ini na utumbo. Upasuaji huo hufaa zaidi mtoto akiwa hajatimiza siku 60. Usipofaulu, hubaki kupandikizwa ini jingine. Daktari Thomas Starzl wa Marekani alilijaribu hilo mwaka 1963, na mtoto akafariki. Hakukata tamaa, na mwaka 1967 akafanikiwa. Leo mzazi huweza kumkatia mwanawe kipande cha ini lake, na la mzazi likakua tena kwa rehema za Mola. Lakini gharama zake ni nzito, na jamaa wengine hulazimika kuchangishana na kusafiri hadi India.

Basi na tuhesabu. Kwetu mzazi hukaa ndani siku 40, na mengi huahirishwa mpaka atoke. Arobaini ikiisha, katika zile siku 60 zimebaki 20 tu, na vipimo navyo vyataka siku zake. Nifasi humwondolea mama sala na saumu; haimkatazi kumpeleka mwanawe hospitali. Na akiwa hajiwezi, baba yupo, na nyanya yupo.

Tuitazameni nepi kabla ya kuitupa. Tukiona choo cheupe, tumwonyeshe daktari siku hiyo hiyo, tumwombe kipimo cha damu cha bilirubini ya aina zote mbili. Tukiambiwa tungoje, tuulize tena kwa adabu.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu. Amin.