"Sikukuona" si utetezi

Neno la kwanza aliloniambia dereva aliyenivunja mguu lilikuwa "Sikukuona." Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda, na mimi nimevaa kizibao cha njano kinachoonekana hata na mwenye mtoto wa jicho. Alitokea barabara ya mtaani, karibu na External, akatazama kulia, akaingia Barabara ya Mandela. Na mimi, nikiwa juu ya bodaboda, nilikuwa nakuja kutoka huko huko kulia alikotazama.

Kwa miaka mingi niliamini alinidanganya. Leo naendesha semi, nabeba makontena kutoka bandarini, na nimeshajua kwamba alisema kweli. Hicho ndicho kinachonitisha.

Dereva wa gari akifika njia panda hutafuta kitu kinachoweza kumuumiza: daladala, fuso, gari mwenzake. Pikipiki haimo. Jicho huipita kama linavyopita nguzo ya umeme. Hata akiiona, udogo wake humfanya adhani iko mbali na inakuja taratibu. Kumbe pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo halali mjini, hukata karibu mita 14 kila sekunde. Ukiitupia jicho mara moja tu ukakanyaga mafuta, imeshakufikia.

Kwenye semi ndiyo balaa zaidi. Nakaa juu, upande wa kulia. Chini ya dirisha la kushoto pana sehemu ambapo bodaboda anaweza kusimama na abiria wake nisione hata kofia. Tena, nikitaka kukata kona ya kushoto, lazima kwanza nijitanue kulia, la sivyo tela itapanda ukingo. Wa nyuma anaona nafasi imefunguka kushoto, anapenya. Hajui kwamba kichwa kikishageuka, matairi ya tela hufuata kwa ndani, yakipita pale pale alipojichomeka.

Mwaka jana, pale Buguruni, nikiwa katikati ya kona kama hiyo, nilisikia kiganja kikipiga bati: pa, pa, pa. Nikashika breki. Nikajivuta hadi dirisha la kushoto, nikachungulia. Chini alikuwepo kijana wa bodaboda, na nyuma yake mama aliyekumbatia ndoo ya samaki. Tairi langu lilikuwa limeshaanza kukunja kile chuma abiria anachokanyagia. Mama hakusema neno. Kijana akainua uso: "Mzee, hunioni?"

"Sikukuona, mwanangu," nikajibu. Likitoka kinywani mwangu, neno lile lilikuwa jepesi mno.

Najua kuna wasomaji wameshaanza kusema: bodaboda wenyewe wamezidi. Wanabeba mshikaki, wanapita kwenye taa nyekundu, wanang'oa vioo ili wapenye kwenye foleni. Ni kweli, na mimi nilipoanza kazi ya bodaboda, vyangu niliving'oa. Hesabu ya bosi ilikuwa Sh7,000 kila siku, inyeshe isinyeshe, na ukikaa kwenye foleni huipati. Sijisifu kwa hilo. Lakini asubuhi ile niliyovunjwa mguu nilikuwa upande wangu, kwa mwendo wangu, vioo vyote viwili vimerudi mahali pake. Mwenye gari aliondoka na mkwaruzo kwenye bampa. Mimi niliondoka na chuma mguuni, na kofia iliyopasuka badala ya kichwa. Barabarani kosa linaweza kuwa la wote wawili, ila anayelala chini ni mmoja.

Kwa hiyo naomba mambo machache, na naanza na sisi wa magari makubwa. Tulikuwa na utingo. Kazi yake haikuwa kufunga turubai tu. Alikuwa jicho la kushoto. Bosi wangu alimwondoa ili kupunguza gharama. Arudishwe, angalau safari za ndani ya jiji.

Pili, mwanafunzi wa udereva, kabla hajapewa leseni, apandishwe kwenye lori lililosimama, kisha mwenzake azunguke na pikipiki kuanzia nyuma hadi mbele. Aone mwenyewe inapopotelea. Somo hilo halizidi nusu saa.

Wenye gari dogo, mkifika njia panda tazameni mara mbili, na mara ya pili mtafute pikipiki. Mkisimama kwenye foleni, fungueni mlango wa dereva kwa mkono wa kushoto. Mkono huo utawageuza mwili, na macho yatatazama nyuma yenyewe.

Na ninyi wadogo zangu wa kijiweni: kama huuoni uso wangu kwenye kioo changu, jua na mimi sikuoni. Lori likijitanua kulia kwenye kona, nafasi inayobaki kushoto si yako. Mwambie abiria asubiri. Akikasirika, akatafute mwingine.

Kijana yule sikumuuliza jina. Alikinyoosha kile chuma kwa kukipiga teke, akaondoka na yule mama wa samaki. Tangu siku hiyo, kila nikifika kwenye kona ile nasimama kabisa, naegemea kushoto mpaka mkanda unanikaba shingo, na kuchungulia chini. Walio nyuma hunipigia honi. Wapige.