Kolwezi: pedali ya gitaa ichaguliwe kwa betri zake, si kwa wingi wa sauti

Katika mitaa ya Dilala na Manika, kwaya au kikundi cha vijana kinapoanza kuchanga pesa za vyombo, mabishano huwa yale yale. Gitaa la umeme limekwisha kupatikana, besi ipo, ngoma zipo. Sasa imebaki pedali. Kijana anayepiga solo ameona kwenye simu pedali yenye sauti mia mbili na skrini ya rangi, naye anaitaka hiyo. Mweka hazina anauliza bei. Swali linalosahaulika ndilo lingepaswa kutangulia hapa Kolwezi: umeme ukikatika, chombo hicho kitafanya nini?

Kwa wasiofahamu, pedali hii ni kisanduku kinachowekwa sakafuni, kati ya gitaa na spika. Ndani yake mna efekti nyingi pamoja: mwangwi, sauti inayojirudia, korasi inayofanya gitaa moja lisikike kama mawili, kompresa inayosawazisha nguvu ya vidole, na kadhalika. Zamani kila efekti ilikuwa na kisanduku chake, na mpigaji alibeba mfuko mzima wa nyaya. Leo vyote vinaingia katika kitu chenye ukubwa wa Biblia. Anayekwenda mazoezini kwa pikipiki ya teksi anajua hiyo ni faida gani.

Umeme, basi. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako kwenye mto Lualaba, si mbali na mji. Laini kubwa inayotoka Inga, iliyomalizika mwaka 1982 baada ya kuvuka nchi kwa zaidi ya kilomita 1,700, inaishia hapa Kolwezi. Ilijengwa kwa ajili ya migodi, na mpaka leo nyumba nyingi ziko chini ya nyaya hizo nene zikisubiri zamu ya delestaji. Kwaya haiwezi kubadilisha jambo hilo. Inaweza tu kununua ikilikumbuka.

Kuna atakayesema kwamba umeme ukikatika spika nazo zinazimika, kwa hiyo betri za pedali zitasaidia nini? Hoja hiyo ilikuwa na nguvu miaka kumi iliyopita. Sasa spika za kuchajiwa, zile zenye magurudumu na tundu la mikrofoni, zimeenea kwenye vilio na kwenye mikutano ya maombi. Spika ya namna hiyo pamoja na pedali ya betri zinatosha kupiga usiku kucha kwenye kilio bila jenereta. Tena umeme unaporudi hurudi kwa kishindo, na adapta ndogo iliyo ukutani ndiyo inayoungua mapema. Iliyo kwenye betri haikuguswa. Hata mlio ule mbaya wa jenereta, unaoingia kwenye gitaa kupitia adapta, unapungua sana.

Ndiyo maana pedali mbili za bei ya chini zinastahili kutazamwa hapa kabla ya nyingine. Zoom G1 Four inatumia betri nne ndogo za AA, zile za rimoti, na inakaa nazo kwa saa nyingi. Boss GT-1 nayo inatumia betri nne za aina hiyo hiyo, ila inazimaliza haraka zaidi. Ya Boss ni ghali zaidi na ina pedali ya kukanyaga kwa ajili ya kupandisha na kushusha sauti. Kwa Zoom, anayetaka pedali hiyo anunue G1X Four. Line 6 HX Stomp, ambayo vijana wanaisifu kwa haki kwa uzuri wa sauti yake, haina mahali pa betri kabisa. Inahitaji adapta yake yenyewe ya ampea 3, ambayo ikiungua mtu hataipata kirahisi sokoni, na bei yake inazidi mara kadhaa ile ya Zoom. Kwa studio ya Kinshasa au ya Brussels ni chombo kizuri. Kwa kwaya inayopiga leo Kolwezi, kesho Fungurume, huko ni kutafuta taabu.

Sababu ya pili ya kuwa na pedali haizungumzwi sana, nayo ni kubwa kuliko efekti zenyewe. Makanisa mengi yana mikisa na spika za waimbaji lakini hayana amplifaya ya gitaa. Gitaa likichomekwa moja kwa moja kwenye mikisa, sauti inakuwa nyembamba, kavu, kama bati. Hiyo si kosa la mpigaji. Ishara inayotoka kwenye gitaa ni dhaifu, na tundu la kawaida la mikisa halikutengenezwa kuipokea. Pedali inaipokea inavyotakiwa, kisha inaiga amplifaya na spika yake, ndipo inaipeleka kwenye mikisa ikiwa imenona. Kwa hiyo swali la kumwuliza muuzaji ni kama pedali inaiga amplifaya na spika zake. Hesabu ya sauti ingoje. Pedali isiyofanya kazi hiyo, hata iwe na efekti nzuri namna gani, bado itadai amplifaya, na amplifaya haibebeki kwenye pikipiki.

Kuhusu wingi wa sauti, mtu asikilize tu jinsi gitaa linavyopigwa kwetu. Solo na mi-solo za Kongo ni safi. Sebene inataka noti zisikike moja moja; ukiweka ukali wa roki, zinashikana na kuwa uji. Kompresa kidogo, korasi nyepesi, mwangwi mfupi na sauti ya kujirudia iliyo chini: kwa nyimbo tisa katika kumi zinazopigwa hapa, hakuna kingine. Sauti mia moja na tisini zilizobaki kijana atacheza nazo wiki mbili, kisha atazisahau. Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akiwa na gitaa lisilo na waya wowote, na wapiga gitaa wa Afrika Mashariki nzima wakamfuata.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa familia zilizohamishwa. Kasulo mwaka 2017 mamia ya familia zilitakiwa kuondoka ili eneo liwe la kuchimba. Kwenye Cité Gécamines, nyumba za watu na mgodi vimekuwa vikisukumana kwa miaka. Wanaohama wanapewa fidia ya nyumba au ya kiwanja. Hakuna karatasi ya fidia yenye mstari wa kwaya. Lakini kwaya ya kartie ndiyo iliyokuwa ikikusanya vijana jioni, ndiyo iliyokuwa ikijua nani amefiwa na nani anaumwa. Watu wakitawanyika, mmoja Manika, mwingine barabara ya Likasi, mazoezi yanakufa kwanza. Vikundi vinavyojaribu kuanza tena huanzia penye haba: nyumba ya kukodi isiyo na umeme, majirani wapya wasiotaka kelele, michango ya likelemba. Hapo pedali ndogo ya betri inafanya kazi ambayo chombo kikubwa hakiwezi. Mpigaji anachomeka visikilizio na kufanya mazoezi usiku, mtoto wa jirani analala. Mdundo wa ngoma uliomo ndani unashika nafasi ya mpiga ngoma aliyebaki upande mwingine wa mji. Dola zinazobaki zinalipa nauli za wanakwaya wa mbali, na nauli ndiyo inayoamua kama Jumamosi watafika sita au ishirini.

Wanaopinga wana hoja moja ya haki: pedali hizi za bei ndogo ni nyepesi, na tundu la kuchomekea waya hulegea. Ni kweli. Ila tundu ni kitu ambacho fundi wa redio wa sokoni anaweza kukichomelea upya kwa pesa kidogo, wakati kompyuta iliyomo ndani ya pedali ya dola mia sita ikifa hakuna wa kuifungua hapa. Na kikundi chenye pedali mbili za bei ndogo kinabaki na moja inapoharibika.

Anayenunua iliyotumika aende na gitaa lake na betri zake, asikubali kuonyeshwa kwa adapta pekee. Afungue mlango wa betri: akikuta unga mweupe au wa kijani kwenye vyuma, betri zilivujia humo, aiache. Azungushe kila kitufe sauti ikiwa juu, asikilize mikwaruzo, akanyage kila swichi mara nyingi, atikise waya kidogo kwenye tundu.

Adapta nayo inaua pedali nyingi kuliko mvua. Karibu zote zinataka volti 9, na katikati ya kichomeo kuwe hasi. Alama yake imechorwa kwenye adapta: nukta katikati, nusu duara kuizunguka, na mstari unaounganisha nukta na alama ya kutoa. Adapta ya ruta ya intaneti ina kichomeo kinachofanana kabisa, lakini mara nyingi ni volti 12 na katikati yake ni chanya. Inaingia vizuri, taa inawaka mara moja, moshi. Adapta sahihi ifungwe utepe mwekundu ili asitokee mtu wa kukosea gizani.

Wa mwisho ni mtunzaji. Achaguliwe mtu mmoja, na asiwe lazima mpiga solo. Akae na betri nane za kuchajiwa: nne ndani ya pedali, nne kwa mwenye kibanda cha kuchaji simu kwa jua. Baada ya kupiga achomoe waya wa gitaa, maana pedali nyingi za betri zinabaki zikiwaka mradi waya umo. Na kikundi kisipokutana wiki kadhaa, betri zitolewe zikae kwenye mfuko wake.