Michango imfikie na bibi anayelea

Ndugu zetu mnaotuma michango kwa vituo vya kulelea watoto kutoka Ulaya na Marekani, Mungu awalipe. Lakini ulizeni kwanza: kituo kina leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, kama Sheria ya Mtoto ya 2009 inavyotaka? Watoto wengi vituoni wana mama, shangazi au bibi aliye hai. Mara nyingi kilichowatoa nyumbani ni umaskini. Hapa Mwananyamala, Dar es Salaam, wapo mabibi wanaolea wajukuu kwa kuuza vitumbua, na kodi ya chumba inawaelemea. Hao hawana tovuti wala picha za kuwatumia wafadhili! Aliyekosa ndugu kabisa anahitaji makao, kama yale ya serikali pale Kurasini, nayo yasaidiwe. Ila bibi akilipiwa bima ya afya na sare za shule, mjukuu atakulia kwao.