Bustani Juu ya Karo la Choo

Askari anapostaafu na kujijengea nyumba yenye choo cha maji, iwe Wakiso au Mbarara, kiwanja huwa kidogo na jamaa huwa wengi. Haipiti misimu miwili ya mvua kabla mama mwenye nyumba hajaona kwamba majani yaliyo juu ya karo yamestawi kuliko ya kwingine, naye huchukua jembe. Lakini ardhi ile haikulala bure.

Ndani ya tangi kinyesi huzama kikawa tope, mafuta huelea, na vijidudu visivyoonekana kwa macho hulila tope hilo polepole. Maji ya katikati hupita bombani hadi kwenye mitaro ya kokoto, ambamo udongo huyachuja. Udongo huo hauna budi kupata hewa. Ukishindiliwa na magurudumu ya gari, ukisakafiwa kwa saruji, au ukirundikiwa matuta, maji hukosa njia na kurudi chooni, hasa mwezi wa Aprili ardhi iliposhiba mvua.

Kinachofaa hapo ni pasipalamu au nyasi nyingine fupi, na maua yenye mizizi mifupi. Mihogo, viazi vitamu na karanga visipandwe kamwe, maana hukua ndani ya udongo wenyewe. Dodo, nakati na sukuma wiki vivyo hivyo, kwa kuwa mvua hurusha matope majanini, na mayai ya minyoo ya tumboni huweza kuishi udongoni kwa miaka. Mutuba, kalitusi na mfenesi vikae mbali, mita 10 au zaidi. Mizizi yake hufuata maji hadi ndani ya bomba.

Kuhusu mgomba wapo wabishi, nao wana hoja: hunywa maji mengi, na ndizi zake huning'inia mbali na udongo. Mwenye hatia hasa ni jembe la kung'olea machipukizi, livunjalo bomba. Basi upandwe pembeni.

Kila mwaka tope lipimwe kwa mti mrefu, sigara zikiwa zimezimwa, kwani hewa ya mle huwaka. Likifika theluthi moja ya kina, gari la kunyonya liitwe. Anayesubiri choo kifurike amechelewa, maana tope limekwisha hamia mitaroni, na mitaro iliyoziba huchimbwa upya kwa gharama kubwa.

Mtu asiingie tangini hata likiwa tupu. Hewa yenye sumu huweza kumwangusha kwa pumzi chache, na ndugu anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake. Wa nje na wabaki nje, waite zimamoto wenye vifaa vya kupumulia. Mfuniko usifukiwe chini ya maua wala kuachwa umepasuka. Uwe wa zege, mzito kiasi ambacho mtoto hawezi kuuinua.